Wiski ya Uskoti, Chang'aa ya Kegonga na Ulimi Usiofunzwa

Huenda msomaji wa ukurasa huu, awe mwalimu au mwanafunzi, akakunja uso kuona makala ya elimu yakijiingiza katika mambo ya ulevi. Namsihi avute subira. Sikusudii kumsifia mtu chupa, wala simshauri mwanafunzi aguse tone la kileo; sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya umri wa miaka 18, na busara ilikuwa imemkataza kabla ya sheria kuandikwa. Ninalotaka tulitafakari pamoja ni jambo moja la kushangaza. Kinywaji kinachokenekwa katika mabonde ya Uskoti huonjwa kwa makini, hulinganishwa na wenzake, huandikiwa vitabu, na kila chupa hubeba jina la mahali kilipotoka. Ndugu yake anayekenekwa kando ya kijito huko Kegonga hana jina wala tarehe wala kipimo. Yule wa kwanza huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Huyu wa pili hunywewa gizani kwa kikombe cha plastiki, na mara kwa mara huwaua wanywaji wake. Tofauti hii imetoka wapi?

Wasioifahamu Kegonga na waelezwe kwamba ni mji mdogo wa Kuria Mashariki, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ya mpaka ni Tarime, na Wakuria ni wale wale upande huu na upande ule. Ni nchi ya mahindi, wimbi, mihogo na tumbaku. Wimbi lilioteshwa likawa kimea, na kimea kikawa pombe ya wazee, tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Ufundi wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kuukusanya mvuke wake, ulikuja baadaye. Hapa Kenya mara nyingi wanaotajwa kuueneza ni Wanubi, askari wenye asili ya Sudan walioletwa na jeshi la kikoloni. Waarabu walikiita kinywaji hiki araki, neno lenye maana ya jasho, kwa sababu hutoka tone kwa tone kama jasho la chungu. Waskoti walikiita maji ya uhai katika Kigaeli chao, na ndipo likazaliwa jina wiski. Wenzetu wa Tanzania husema gongo, na hapa kwetu wapo wanaosema machozi ya simba. Kila taifa limekitazama kutoka pembe yake.

Sasa tuiangalie hiyo wiski inayosifiwa. Aina inayoheshimiwa kuliko zote huitwa kwa jina linalotafsiriwa vibaya kila siku. Wengi hudhani kwamba "kimea kimoja" maana yake ni pipa moja au mavuno ya shamba moja. Sivyo. Maana yake ni kwamba wiski yote iliyomo chupani imetengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee, ikakenekwa katika vyungu vya shaba, na yote imetoka katika kiwanda kimoja. Mapipa yanaweza kuwa mia. Sheria ya Uskoti, ambayo kanuni zake za sasa ni za mwaka 2009, inataka kinywaji hicho kilazwe ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, katika ardhi ya Uskoti yenyewe, kwa muda usiopungua miaka 3, na kisitiwe chupani kikiwa na nguvu iliyo chini ya asilimia 40. Muda ule wote pipa hupumua. Kila mwaka kiasi cha asilimia 2 hivi huvukia hewani na kupotea, na wenyewe wanaliita fungu la malaika. Mwenye kiwanda analijua fungu hilo, analipima, na kuliandika daftarini.

Hapo ndipo ulinganishaji unapoanza kuwa na maana. Chukua wiski ya kisiwa cha Islay, mathalani Laphroaig au Ardbeg. Huko kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, uliojaa mabaki ya mimea ya kale, unaokatwa kama matofali na kuanikwa juani. Moshi ule huingia ndani ya punje na hautoki tena. Anayeinusa mara ya kwanza husema inanukia hospitali, au iodini, au majivu ya jiko lililozimwa kwa maji ya bahari. Mtoto wa Kegonga aliyekulia karibu na banda la kukaushia tumbaku kwa kuni ana faida hapa, kwa maana pua yake inaujua moshi kwa ngazi zake zote: moshi mkavu, moshi mbichi, moshi uliokwama katika nguo. Kisha linganisha na wiski za bonde la mto Spey, kama Glenlivet na Glenfiddich, ambazo nyingi hazina moshi huo. Zina harufu ya matunda, tofaa na peasi, na utamu unaokaribia asali. Macallan, iliyo jirani, imejijengea jina kwa mapipa yaliyokwisha kubeba divai ya sheri ya Uhispania, na harufu yake huelekea zabibu kavu na mdalasini. Talisker ya kisiwa cha Skye ina mwasho wa pilipili manga na chumvi kidogo. Auchentoshan ya nyanda za chini hukenekwa mara tatu badala ya mbili, na kwa hivyo huwa nyepesi. Glenmorangie ina vyungu vyenye shingo ya zaidi ya mita 5, ambavyo wenye kiwanda wenyewe huvifananisha na twiga. Mvuke mzito hushindwa kupanda hadi juu, ukarudi chini, na unaopita ni ule mwepesi tu. Mwalimu wa kemia hahitaji mfano mwingine wa kufundishia ukenekaji.

Wajuzi huonjaje? Kwanza hawaiamini rangi, kwa kuwa sheria inaruhusu kutiwa karameli. Hutumia bilauri ndogo iliyobana mdomoni, ili harufu isitawanyike. Hunusa kabla ya kuonja, tena mara kadhaa, mdomo ukiwa wazi kidogo. Kisha hutia matone ya maji. Watu wengi hudhani maji ni kuiharibu wiski, lakini mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba maji husaidia molekuli za guayakoli, zinazobeba ile harufu ya moshi, zikusanyike juu ya uso wa kinywaji ambako pua inazifikia. Baada ya hapo huonja kiasi cha kijiko, hukizungusha kinywani, na wale wanaofanya kazi hiyo kwa mshahara hukitema. Naam, hukitema! Hata wafanyakazi wa mnada wa chai wa Mombasa, ambao huonja vikombe vingi sana kwa siku, hufanya vivyo hivyo. Mwonjaji aliyelewa hawezi tena kulinganisha. Anayelinganisha kwa haki huziba majina ya chupa, hutumia bilauri za aina moja na kiasi kimoja, na hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa sayansi atatambua kwamba hiyo ndiyo kanuni ya kila jaribio analofanya maabarani.

Nawageukia walimu wa Kiswahili, kwa sababu hapa lugha yetu ina deni na pia ina mali. Deni lake ni neno "kali". Tunasema pilipili kali, chai kali, jua kali, siki kali, pombe kali na mwalimu mkali, kana kwamba ulimi una mlango mmoja. Neno hilo moja limefunika tofauti kumi. Mali yetu, hata hivyo, ni kubwa kuliko ya lugha nyingi. Tunatofautisha kunukia na kunuka kwa silabi moja tu, jambo ambalo Mwingereza hulifanya kwa kuongeza sifa. Tuna shombo la samaki, vundo la kilichooza, na ukungu wa kilichofungiwa. Tuna ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na kukunjana kama baada ya kula ndizi mbichi, ambayo ndiyo hasa mwaloni huipa wiski iliyokaa sana pipani. Tuna uchachu, uchungu, mwasho, na ladha iliyochapwa. Mwanafunzi wangapi wa kidato cha tatu wanaweza kuyatumia maneno haya katika insha bila kukosea? Nina wasiwasi ni wachache, na kosa si lao.

Zoezi lake ni rahisi na halihitaji kileo chochote. Mwalimu wa Kegonga aombe uji wa wimbi uliochachuliwa kutoka nyumba nne, autie katika vikombe vinavyofanana, avipe nambari badala ya majina, na awatake wanafunzi wanuse, waonje, na waandike. Kesho yake avichanganye tena aone kama watavitambua. Afanye vivyo hivyo kwa asali, au kwa maziwa ya kibuyu. Watagundua kwamba uji wa nyumba moja una moshi, wa nyingine una utamu wa kimea, na watalazimika kutafuta maneno. Walimu wa Kisabato, ambao ni wengi pande zile, wanaweza kulifanya zoezi hili bila dhamiri kuwasuta.

Lakini sikuandika makala haya kwa ajili ya uji. Mwezi Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi wengine walikufa katika kaunti kadhaa kwa muda wa siku chache. Mwezi Februari mwaka 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Kila mara serikali hutoa amri, polisi humwaga madebe mbele ya kamera, na baada ya miezi michache biashara hurejea. Vijana waliokufa walikuwa wanafunzi wa mtu fulani. Mwalimu fulani aliwafundisha kutenganisha michanganyiko, akachora ubaoni chupa na mrija wa kupozea, akawaambia wakariri, wala hakuwaambia kwamba mchoro ule ndio ule mtungi wa nyuma ya nyumba ya jirani.

Na kuna kosa ambalo hata walimu hulirudia. Husemwa kwamba chang'aa huua kwa sababu mkenekaji wa kijijini hajui kutupa matone ya kwanza, ambayo eti ndiyo yenye methanoli yote. Ni kweli kwamba methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli kwa nyuzi 78.4, na ni kweli pia kwamba mkenekaji wa Uskoti hukata kichwa na mkia akabakiza moyo. Hata hivyo, katika chungu cha kawaida vitu hivi havitengani kinaganaga hivyo. Methanoli hutoka mwanzo hadi mwisho. La muhimu zaidi ni kwamba pombe ya nafaka huzaa methanoli kidogo mno. Kiasi cha kupofusha watu wengi kwa usiku mmoja hakitokani na wimbi wala mahindi. Hutoka katika pipa la kiwandani, methanoli ya kutengenezea rangi na viyeyushi, iliyonunuliwa au kuibwa na mfanyabiashara ambaye hajawahi kukeneka chochote, ikatiwa maji na kuuzwa. Mwilini hugeuka kuwa asidi ya fomiki, na mishipa ya macho ndiyo huumia mapema. Mama wa Kegonga ana makosa yake: mtungi wake huenda uliwahi kubeba kemikali, maji yake ni ya kijito, na chombo chake ni cha chuma badala ya shaba, ambayo huondoa harufu mbaya za salfa. Lakini yule muuaji wa mwaka 2000 na wa 2014 ni mtu mwingine. Kuwaweka wawili hao katika kapu moja ni kumkinga mwovu.

Historia ya Waskoti ina funzo hapa, kwa kuwa wao nao walikuwa Kegonga. Mwanzoni mwa karne ya 19 mabonde yao yalijaa wakenekaji haramu waliojificha milimani, wakipita njia za usiku na kupigana na watoza ushuru. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopunguza ushuru na kumruhusu mtu kupata leseni kwa pauni 10 kwa mwaka, mradi chungu chake kisiwe chini ya galoni 40. Mwaka uliofuata George Smith, mkulima wa bonde la Livet, alichukua leseni. Majirani wake waliobaki katika magendo walitishia kumchoma pamoja na kiwanda chake, hata ikambidi atembee na bastola mbili kiunoni. Kiwanda hicho kiko hadi leo, na jina la bonde lake limefika katika maduka ya Nairobi. Nisiipambe sheria ile kupita kiasi, kwa maana kipimo cha galoni 40 kiliwafungia nje wenye vyungu vidogo kabisa. Lakini iliwatoa wengi gizani, na mtu aliye mwangani hupimwa, huulizwa, na hulinda jina lake.

Sisi tulipita njia nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ulikataza uuzaji wa vileo vikali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Mzungu wa Nairobi alikunywa wiski yake klabuni. Mwafrika aliyekeneka alikamatwa. Uhuru ulipokuja, dhana ile haikuondoka na bendera. Mwaka 1980 sheria maalumu iliipiga chang'aa marufuku kabisa. Mwaka 2010 sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi waliipa jina la Mututho, iliiondoa marufuku hiyo, ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa za kioo zenye onyo, mbali na shule kwa mita zisizopungua 300. Karatasini mlango umefunguliwa. Lakini leseni, chupa, vipimo vya ubora na jengo linalokubalika ni gharama ambazo mjane mwenye mtungi mmoja hawezi hata kuziota. Yeye bado hukimbia polisi, na aliyenufaika ni mwenye kiwanda cha vileo vya bei rahisi mjini.

Uganda walijaribu jambo ambalo naona linafaa zaidi. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilitaka wakenekaji wa vijijini wawe na leseni na wakiuze kinywaji chao kwa kiwanda, nacho kikikeneke upya na kukisafisha. Ndivyo Uganda Waragi ilivyopata jina. Haukuwa mpango kamili. Wengi walibaki nje ya leseni, na mwaka 2010 makumi ya watu walikufa kusini magharibi mwa nchi hiyo kwa methanoli ile ile. Hata hivyo unaonyesha kwamba mkenekaji mdogo anaweza kuunganishwa na kipimo bila kuulizwa anunue mtambo wa kioo.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu hapaswi kuitetea chang'aa, ambayo imewatoa watoto shuleni na kuvunja nyumba. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Mlevi wa Macallan na mlevi wa chang'aa wote huharibu ini lile lile, na wiski ya miaka 18 haimfanyi baba aliyelewa kuwa baba mwema. Pengine nitaambiwa pia kwamba wengi wa watoto wa Kuria walilipiwa karo kwa mtungi huo huo. Nalo ni kweli, na ndilo linalofanya marufuku isishike. Mimi sitetei kinywaji. Natetea kupimwa kwake. Wala sidhani Kegonga itauza siku za karibuni kileo cha wimbi kilicholala pipani miaka 3, kwa sababu mwenye deni la karo mwezi Januari hawezi kungoja pipa lipumue.

Lakini jambo moja linaweza kufanywa mapema. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, ilizipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Bunge la Kaunti ya Migori linaweza kuweka leseni ndogo kwa wakenekaji wadogo, kuteua kituo kimoja Kuria Mashariki cha kupimia nguvu na methanoli, na kuamuru kila kibuyu kiandikwe jina la aliyekeneka, kijiji chake na tarehe. Kipimo cha nguvu hakizidi uwezo wa maabara nzuri ya shule ya upili. Wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu miswada ya kaunti, mara nyingi wanaohudhuria ni wenye baa na wahubiri. Walimu wa kemia wa Kegonga na Ntimaru nao waende, na wabebe vipimajoto vyao.